Ajali Iliyofichwa Chini ya Rangi: Kulinda Pesa Zako Unaponunua Gari la Mtumba

Kuna ombi moja ambalo huduma yoyote ya pesa kwa simu hulazimika kulikataa, hata kama anayeomba ana kila sababu ya kukasirika. Mtu amenunua gari, amelipa, ameliendesha wiki tatu, halafu fundi anamwonyesha kwamba chuma cha mbele kimewahi kukatwa na kuchomelewa. Anapiga simu akitaka muamala urudishwe. Hakukosea namba. Hakuna aliyemwibia PIN. Pesa zilienda kwa yule yule aliyemkusudia, na jina lake lilitokea kwenye skrini.

Kurudisha muamala ni kwa pesa zilizopotea njia. Ugomvi kuhusu bidhaa ni jambo lingine kabisa: kampuni haiwezi kuingia kwenye akaunti ya muuzaji na kutoa pesa kwa sababu mnunuzi amesema ametapeliwa, hata akiwa anasema kweli. Hiyo ni kazi ya makubaliano kati yenu, na yakishindikana, ya mahakama. Ndiyo maana somo hili linaanzia yadini, chini ya boneti, na kufika kwenye simu baadaye.

Si kila ajali ni ya kuogopa

Tuelewane kwanza, kwa sababu neno "ajali" huchanganya watu. Gari lililokaa Nairobi miaka mitano bila mkwaruzo ni nadra. Matatu imegusa bampa kwenye foleni ya Thika Road, bodaboda imekwaruza mlango, mwenyewe amegonga lango lake akirudi nyuma usiku. Hizo ni kazi za fundi wa bodi na rangi. Bampa, taa, milango, boneti na madigadi za mbele kwa kawaida hufungwa kwa nati. Zinatolewa, zinawekwa nyingine, maisha yanaendelea.

Cha kuogopa ni mifupa. Chini ya ngozi ya gari kuna vyuma vilivyounganishwa kiwandani: reli mbili za mbele zilizo kando ya injini, nguzo zinazobeba paa, sakafu, na chuma cha nyuma kinachoshika buti. Sehemu ya mbele na ya nyuma zimeundwa zipondeke kwa mpangilio wakati wa kugongana, ili kishindo kiishie kwenye chuma kabla ya kuwafikia watu. Chuma kilichopondeka mara moja, kikanyooshwa kwa nyundo na kuchomelewa kwenye gereji isiyo na vipimo, hakitapondeka tena kama kilivyokusudiwa. Ukiendesha kwenda kazini hutalijua hilo. Utalijua siku ya ajali ya pili, na pengine siku hiyo umebeba watoto.

Soko la Japani, ambako magari yetu mengi hutoka, hutenganisha mambo haya mawili vizuri. Huko gari huhesabiwa kuwa na historia ya ukarabati pale mifupa ilipoguswa. Mlango au bampa iliyobadilishwa peke yake haitoshi kulipa gari jina hilo. Karatasi ya mnada, ile yenye mchoro wa gari lililotandazwa kama ngozi iliyoanikwa juani, huwa na gredi. Ukiona R au RA mahali ulipotarajia 4 au 4.5, gari limewahi kutengenezwa baada ya ajali. Kwenye mchoro wenyewe, W ni paneli iliyorekebishwa na kuacha dalili, na XX ni paneli iliyobadilishwa.

Gari la R si lazima liwe bovu. Kuna watu wanalinunua kwa hiari, kwa bei ya R, wakijua wanachonunua. Kinachouma ni kulipa bei ya 4.5 na kupewa R.

Kwa hivyo omba karatasi ya mnada, kisha usiiamini kwa sababu tu umetumiwa picha yake kwenye WhatsApp. Karatasi hubadilishwa. Linganisha namba ya chasi iliyo kwenye karatasi na iliyogongwa kwenye gari, herufi kwa herufi, na kama unaweza, tafuta nakala yako mwenyewe kupitia huduma zinazotumia namba ya chasi. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani huwa na namba fupi kuliko zile tarakimu 17 za magari ya kwingine, kwa hiyo usishtuke ukiona namba yenye kistari katikati.

Vipi kuhusu cheti cha ukaguzi kinachofanywa kabla gari halijasafirishwa? Kile ni cha kutimiza masharti ya KEBS: gari lisizidi miaka 8, usukani uwe upande wa kulia, liwe salama barabarani kwa mujibu wa kiwango cha KS 1515. Kinaeleza hali ya gari siku lilipokaguliwa. Hakijui kilichotokea Salgaa miaka minne baadaye.

Na hapo ndipo penye kazi zaidi, kwa magari ambayo tayari yametumika hapa nyumbani. Gari likiharibika vibaya, kampuni ya bima huweza kumlipa mwenyewe thamani yake na kuuza mabaki. Mabaki hununuliwa na mafundi na wafanyabiashara, na hakuna kosa hapo. Kosa huanza gari likisharudi sokoni na maneno matamu: "Boss, hii gari haijawahi guswa. Ilikuwa ya mama fulani, ofisi na kanisa tu." Ukitafuta rekodi za NTSA kupitia eCitizen utaona mwenye gari ni nani na kama kuna mkopeshaji analolidai. Usiruke hatua hiyo hata siku moja. Ila usitarajie kusoma ajali pale.

Mahali ambapo muuzaji hasugui

Nenda mchana, gari likiwa kavu. Maji hung'arisha kila kitu, na gari lililomwagiwa maji dakika tano kabla hujafika lina jambo ambalo hutaliona. Ukiambiwa mkutane jioni kwenye kituo cha mafuta, kataa kwa upole.

Anza kwa kusimama kwenye kona ya nyuma na kuangalia ubavu wote wa gari, jicho likiwa usawa wa taa. Rangi ya kiwandani huakisi mwanga kwa namna moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Paneli iliyopakwa upya mara nyingi huwa na mawimbi, au vidoa kama ganda la chungwa tofauti na jirani yake. Kisha tazama nafasi kati ya boneti na madigadi, kushoto na kulia. Upande mmoja ukipitisha kidole na mwingine kucha tu, kuna kitu kilisogea.

Fungua boneti. Usiangalie injini, injini imeoshwa kwa ajili yako. Angalia nati zinazoshika bawaba za boneti na madigadi. Kama rangi kwenye vichwa vya nati imepasuka au imekwanguka, spana ilishapita hapo. Spana yenyewe si hatia, lakini sasa una swali la kuuliza. Halafu fuata zile reli mbili kuelekea mbele. Kiwanda huunganisha vyuma kwa vidoti vidogo vya mviringo vilivyopangwa kwa umbali sawa, na gundi ya viungo hulazwa nyororo. Ukikuta mstari mnene wa kuchomelea uliosagwa, gundi iliyopakwa kwa kidole, au upande mmoja wenye mikunjo na mwingine ulionyooka, mwite fundi wako aje aone.

Nyuma, inua zulia la buti na utoe tairi la akiba. Hii ni sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu wauzaji wengi huisahau kabisa. Chuma cha pale chini kinapaswa kuwa laini na chenye rangi ile ile ya gari. Mikunjo kama karatasi iliyokunjwa ikanyooshwa, rangi nyeusi iliyopulizwa juu juu, kutu kwenye viungo: gari limegongwa nyuma, na si kidogo.

Vioo huzungumza pia. Kila kioo kina alama ya mtengenezaji kwenye kona. Kioo kimoja cha kampuni tofauti chaweza kuwa ni jiwe la barabarani tu. Viwili vya upande mmoja, pamoja na taa moja mpya inayong'aa huku mwenzake amekuwa wa manjano, ni hadithi nyingine.

Ingia ndani. Vuta kila mkanda wa usalama mpaka mwisho wake. Kwenye mikanda mingi utakuta lebo yenye tarehe ya kutengenezwa; gari la 2016 lenye mkanda wa dereva wa mwaka tofauti kabisa linakuambia mkanda ulibadilishwa. Mkanda uliogoma kurudi, au uliokwama, huenda ulifanya kazi yake siku ya ajali na haukubadilishwa. Sasa washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya mifuko ya hewa, ile picha ya mtu ameketi na duara mbele yake, inapaswa kuwaka kwa sekunde chache na kuzimika. Ikibaki imewaka, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, hilo ni baya zaidi, kwa sababu huenda mtu ameing'oa au ameiunganisha na taa nyingine ili usijue kwamba mifuko ilishafyatuka na haipo tena. Pitisha mkono kwenye dashibodi upande wa abiria ukitafuta mshono au kiraka. Hapa bei haina maana tena. Gari lisilo na mifuko ya hewa iliyopaswa kuwepo, achana nalo.

Sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa husaidia: mahali palipojazwa filla, ile pasta ngumu ya kuziba mibonyeo, hushika kwa ulegevu au huanguka. Lakini bampa ni plastiki na baadhi ya boneti ni za alumini, kwa hiyo usimshtaki mtu kwa sababu sumaku imekataa hapo. Kipimo cha unene wa rangi ni bora zaidi. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya maikroni 80 na 180 hivi; ukisoma 600 kwenye mlango mmoja na 120 kwenye mingine, mlango ule umejazwa.

Mwisho, kama muuzaji anakubali, lipeleke gari kwenye mashine ya kupanga magurudumu na uombe karatasi ya vipimo. Magari mengi madogo yana pembe za magurudumu ambazo haziwezi kurekebishwa kwa kugeuza nati. Pembe kama hiyo ikiwa nje ya kipimo upande mmoja tu, kuna kitu kimepinda. Ukaguzi wa mtu huru, awe fundi unayemwamini au AA Kenya, utakugharimu pesa kidogo sana ukilinganisha na bei ya gari. Mlipe wewe. Fundi aliyeletwa na broka analipwa na broka.

Mstari mmoja kabla ya arubuni

Muulize muuzaji kwa maandishi. Ujumbe mfupi tu: "Habari ya leo. Kabla sijaleta pesa naomba unijibu: je, gari hili limewahi kupata ajali iliyogusa chasi, au mifuko ya hewa kufyatuka, au kulipwa na bima kama lililoharibika kabisa?" Mtu mkweli hujibu. Anayekupigia simu badala ya kuandika, msikilize, kisha mwandikie tena: "Kama ulivyoniambia kwa simu, gari halijawahi kupata ajali kubwa."

Jibu hilo liingie kwenye makubaliano ya mauzo kama sharti. Mikataba mingi ya yadi ina kifungu kinachosema gari linauzwa kama lilivyo, mahali lilipo. Ukitia sahihi hapo bila kuongeza mstari wako, umejifunga mikono. Na muuzaji akikuomba muandike bei ya chini kuliko mnayolipana, kataa. Siku ya kudai, karatasi itasema ulilipa kile kidogo.

Lipa kwa njia inayoacha nyayo

Chukua mfano wa gari la KSh 850,000. Kikomo cha muamala mmoja wa simu ni KSh 250,000, kwa hiyo watu huchanganya: kidogo kwa simu, kidogo benki, kingine taslimu kwenye bahasha. Mwishoni ushahidi umetawanyika, na ile bahasha haina shahidi.

Panga hivi. Arubuni, yaani dipoziti, iwe ndogo, na itumwe baada ya kuandikiana kwamba itarudishwa ukaguzi ukionyesha uharibifu wa mifupa. Kiasi kikubwa kiende kwa jina lililo kwenye logibuku, au kwa akaunti ya biashara yenye jina la yadi iliyo kwenye mkataba. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Ukiambiwa "tuma tu kwa hii namba ya kijana wangu," jua kwamba ukija kudai, muuzaji anaweza kusema hajawahi kupokea shilingi yako. Bakisha sehemu ya mwisho mpaka muuzaji aanzishe uhamisho wa umiliki kwenye mfumo wa NTSA na wewe uuone upande wako. Muuzaji wa kweli hatagomea mpango huo. Atakachotaka ni uhakika kwamba salio lipo, na unaweza kumwonyesha.

Usifute jumbe za uthibitisho. Pakua taarifa ya akaunti ya kipindi hicho na uihifadhi mahali pengine, kwa sababu simu hupotea. Kilicholipwa taslimu kiwe na risiti yenye sahihi.

Umeshalipa, na sasa umejua

Jambo la kwanza ni kutotengeneza chochote. Ukikimbilia kurekebisha, unafuta ushahidi wako. Kama uharibifu unagusa usukani, magurudumu au mifuko ya hewa, egesha gari. Piga picha, kisha tafuta ripoti ya maandishi kutoka kwa mkaguzi asiyemjua muuzaji. Mwombe aandike mambo mawili waziwazi: uharibifu uko wapi, na kama ulikuwepo kabla ya tarehe uliyonunua. Kutu iliyokwishaota ndani ya kiungo cha kuchomelea haikuota wiki tatu.

Akikagua akagundua kwamba namba ya chasi yenyewe imekatwa na kupachikwa, hadithi imebadilika. Hiyo peleka polisi mara moja. Usianze mazungumzo ya kurudishiwa pesa.

Vinginevyo, mwandikie muuzaji mapema. Ambatisha ripoti, taja ahadi yake, sema unachotaka na lini. Unaweza kudai kurudisha gari na kupewa pesa zote, au tofauti kati ya bei uliyolipa na thamani halisi, au gharama ya ukarabati. Kwa maoni yangu, dai la tofauti ya bei ndilo linalokubalika kwa urahisi zaidi mezani, maana muuzaji huenda ameshatumia pesa. Lakini kama mifupa imeguswa na ulikuwa unanunua gari la familia, usikubali kulainishwa na elfu hamsini.

Sheria ikoje? Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, humbana muuzaji ambaye biashara yake ni magari kuliko mtu binafsi anayeuza gari lake: kwa yadi, kuna sharti lisiloandikwa kwamba bidhaa iwe ya ubora unaofaa kuuzwa. Hata hivyo, kama ulikagua gari, sharti hilo halifuniki kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuziona. Ndiyo maana neno "iliyofichwa" lina uzito: kuchomelewa chini ya zulia na gundi si sawa na taa iliyovunjika. Kwa mtu binafsi, utasimama zaidi juu ya alichokuambia na kuandika. Tena kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, inayokataza mfanyabiashara kudanganya kuhusu hali au historia ya bidhaa, na inayokuruhusu kuvunja makubaliano yaliyopatikana kwa udanganyifu ukitoa notisi ndani ya mwaka mmoja. Usikae na gari miezi kumi na minne ukijadiliana kwa simu.

Dai lisilozidi KSh 1,000,000 linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako unaweza kujisimamia bila wakili na ambako sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Gari letu la KSh 850,000 linaingia. Utahitaji makubaliano, jumbe, taarifa ya malipo, ripoti ya mkaguzi na barua yako ya madai, kila kitu kikiwa na tarehe. Kubwa kuliko hapo huenda kwa hakimu, na hapo tafuta ushauri wa wakili.

Kesi ikiendelea, usiuze gari wala kulibomoa vipuri. Na kama umeamua kubaki nalo baada ya kulipwa tofauti, litengenezwe na mtu mwenye vipimo, kampuni yako ya bima ijulishwe, na ile ripoti uiweke pamoja na logibuku.